Asilimia 30 ya zabuni za serikali: kikundi cha kijijini kinaipataje?

Mama mmoja alitupigia simu wakati wa kipindi cha asubuhi. Alituamkia vizuri, kisha akasema: "Wanangu, maharage tunalima sisi. Shule ya bweni iko hapa hapa, kengele yake tunaisikia tukiwa shambani. Lakini maharage ya wanafunzi yanakuja na gari kutoka mjini. Tumeambiwa serikali imetenga asilimia 30 kwa ajili ya akina mama. Hiyo yetu iko wapi?"

Swali hilo halikuwa la kujibiwa kwa dakika mbili kabla ya taarifa ya habari. Tulimuahidi mama kwamba tutalifuatilia na kuliandika hapa ili kila mwenye simu asome kwa nafasi yake. Jibu fupi ni hili: haki hiyo ipo, iko kwenye sheria, lakini haiji yenyewe mlangoni. Na ukiifuata bila kupiga hesabu, unaweza kushinda zabuni ukabaki na deni.

Asilimia 30 maana yake nini

Serikali ni mnunuzi mkubwa kuliko wote tunaowajua huku kwetu. Shule inanunua chakula na madaftari. Kituo cha afya kinanunua mashuka, sabuni na huduma ya usafi. Halmashauri inanunua viti, sare, chakula cha semina. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, anahitaji watu wa kufyeka kando ya barabara na kuzibua mitaro. Manunuzi yote haya yanasimamiwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma, na mdhibiti wake ni Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, PPRA.

Sheria ya zamani ilikuwa ya mwaka 2011. Mwaka 2016 ilifanyiwa marekebisho, makundi maalumu yakawekewa fungu lao. Sheria mpya ni Namba 10 ya mwaka 2023, ilianza kutumika mwaka 2024 na fungu hilo limo. Inazitaka taasisi za serikali kutenga asilimia 30 ya bajeti yao ya ununuzi ya mwaka kwa ajili ya makundi manne: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu.

Hapa watu wengi wanachanganya mambo, kwa hiyo tuyatenganishe.

Kwanza, asilimia 30 si ruzuku. Hakuna fedha ya kugawiwa. Ni kazi na bidhaa ambazo serikali ingenunua hata hivyo, ila sehemu yake inanunuliwa kutoka kwa makundi hayo.

Pili, si kwamba ukishinda unalipwa asilimia 30, wala si kwamba kila zabuni inakatwa vipande. Taasisi inaangalia orodha ya mambo itakayonunua mwaka mzima, kisha inachagua baadhi na kuyaweka kwa ajili ya makundi maalumu peke yao.

Tatu, kutengewa si kupewa. Kwenye zabuni iliyotengwa hushindani na kampuni kubwa, lakini unashindana na vikundi vingine kama chako. Bei yako ikiwa juu kuliko ya soko au nyaraka zako zikiwa pungufu, utaachwa.

Nne, usichanganye fungu hili na upendeleo mwingine unaotajwa kwenye habari, ule wa miradi ya ujenzi isiyozidi shilingi bilioni 50 kuachiwa kampuni za Watanzania. Huo ni wa makandarasi wa ndani dhidi ya wa nje. Wa kwetu sisi wa vikundi ni huu wa asilimia 30.

Kwa nini basi maharage yanatoka mjini?

Angalia tena yale makundi manne. Kijiji hakimo. Fungu hili linaangalia wewe ni nani, yaani mwanamke, kijana, mzee au mtu mwenye ulemavu. Halikutengwa kwa sababu unaishi kilomita 60 kutoka makao makuu ya wilaya. Kikundi cha akina mama wa mjini wenye duka la jumla ni kikundi cha akina mama sawasawa na chako. Wao wana steshenari hatua mbili kutoka dukani, wanapita ofisi za halmashauri kila siku, na tangazo likitoka wanaliona siku hiyo hiyo. Wewe unalisikia likishafungwa.

Sababu ya pili ni upande wa wanunuzi wenyewe. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, zimekuwa zikitaja taasisi ambazo hazikutenga fungu hilo kama sheria inavyotaka. Kwa hiyo usione aibu kuuliza.

Sababu ya tatu ni mfumo. Zamani matangazo ya zabuni yalikuwa kwenye magazeti na mbao za matangazo, na makabrasha yalipelekwa kwa mkono. Kuanzia mwaka 2023 serikali ilihamia kwenye mfumo wa kielektroniki unaoitwa NeST, unaopatikana kwa anwani ya nest.go.tz. Taasisi inaweka humo mpango wake wa ununuzi na matangazo, mzabuni anajisajili humo na anaomba humo. Mfumo huu una faida: saa ya kufunga ikifika unafunga wenyewe, hakuna wa kuingiza bahasha kwa mlango wa nyuma. Lakini asiyekuwemo humo, kwa serikali ni kama hayupo. Ubora wa maharage yake haumsaidii.

Jinsi ya kuingia

Safari inaanzia kwenye kata. Mlango wa kwanza ni Afisa Maendeleo ya Jamii, ambaye vikundi vingi vinamfahamu kwa sababu ya mikopo ya halmashauri. Mwambie hivi: tunataka kikundi chetu kitambulike kama kundi maalumu ili tuombe zabuni kwenye NeST. Atawaeleza masharti ya idadi na aina ya wanachama, na nini kinathibitishwa na halmashauri.

Nyaraka za kuandaa mapema ni hizi:

- Cheti cha usajili wa kikundi na katiba yake.
- Muhtasari wa kikao kilichokubali kikundi kufanya biashara na serikali, wenye majina na saini za wanachama.
- TIN ya kikundi kutoka TRA. TIN haiuzwi, inatolewa bure.
- Leseni ya biashara pale kazi yenu inapohitaji.
- Akaunti ya benki kwa jina la kikundi.
- Namba za NIDA za viongozi, namba ya simu na barua pepe ambayo kikundi kitaendelea kuwa nayo.

Hilo la akaunti tulisisitize. Tulipompigia yule mama tena, tuligundua kikundi chake chenye wanachama 12 kina cheti, lakini fedha zinawekwa kwenye akaunti ya mwenyekiti. Kwa kuaminiana kijijini inatosha. Kwa malipo ya serikali haitoshi: jina lililoomba zabuni, jina la kwenye TIN na jina la akaunti viwe kitu kimoja, herufi kwa herufi.

Kwenye NeST yenyewe, wakati wa kujisajili utaulizwa aina ya biashara. Chagua ile mnayoifanya kweli. Kikundi kilichojisajili kwa ushonaji hakiwezi kuomba zabuni ya chakula, na wengi wamekwama hapo wakidhani mfumo umeharibika.

Simu janja inaweza kufungua NeST, lakini kujaza fomu na kupandisha nyaraka ni rahisi zaidi kwenye kompyuta, kwa hiyo wengi mtakwenda steshenari. Hakuna ubaya, ila shikeni mambo mawili. Barua pepe na nywila ziwe za kikundi, si za mwenye steshenari, na akiwasaidia kujaza, mbadilishe nywila siku hiyo hiyo. Jambo la pili, malipo yoyote ya serikali hulipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo. Anayetaka utume fedha kwenye namba yake ya simu ili "akuingize NeST" anakuibia.

Kuna na suala la muda. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai Mosi. Taasisi zinaandaa mipango ya ununuzi kuelekea kipindi hicho. Usingoje tangazo. Nenda halmashauri au shuleni mapema, muone Afisa Ununuzi, muulize maswali matatu: mwaka huu mtanunua nini ambacho sisi tunaweza kuleta? Kipi kimetengwa kwa makundi maalumu? Tangazo lake litatoka mwezi gani? Akikujibu, andika kwenye daftari. Mpango huo si siri.

Hesabu kabla ya kushangilia

Hapa ndipo tunaomba usome taratibu, kwa sababu hapa ndipo vikundi vinaumia.

Serikali hailipi kabla. Unapeleka mzigo, unakaguliwa, unapokelewa kwa maandishi, unawasilisha ankara na risiti, kisha unasubiri malipo. Mkataba unaweza kutaja siku za kulipa, lakini fedha zikichelewa kuingia kwenye taasisi, na wewe unachelewa. Swali la kujiuliza ni hili: wakati huo wa kusubiri, mtaji ni wa nani?

Tupige mfano. Namba hizi ni zetu za kufundishia, wewe utaweka za sokoni kwenu.

Kikundi kimeshinda kupeleka kilo 3,000 za maharage kwa shilingi 2,600 kwa kilo. Mkataba ni wa shilingi 7,800,000. Kikundi kinanunua maharage kwa wakulima kwa shilingi 2,000 kwa kilo, yaani 6,000,000. Kupembua, kuchambua na magunia ni 150,000. Gari ni 450,000. Jumla ya gharama ni 6,600,000. Kwenye karatasi faida ni 1,200,000, na watu wanaanza kupiga vigelegele.

Subiri kwanza. Anayeiuzia serikali bidhaa hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 2 wakati wa malipo. Kwa huduma ni asilimia 5. Asilimia 2 ya 7,800,000 ni 156,000. Fedha hiyo haipotei, dai cheti chake, kwa sababu inahesabiwa kwenye kodi yenu ya mwaka. Lakini siku ya malipo haitakuwa mkononi. Imebaki 1,044,000.

Sasa tuseme kikundi hakikuwa na mtaji wote, kikakopa shilingi 4,000,000 kwenye ile mikopo ya mtaani tunayoiita kausha damu, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Kila mwezi ni riba ya 400,000.

Malipo yakitoka baada ya mwezi mmoja, imebaki 644,000.
Yakitoka baada ya miezi miwili, imebaki 244,000.
Yakitoka baada ya miezi mitatu, kikundi kimepata hasara ya 156,000.

Hakuna aliyeiba, hakuna gunia lililooza. Ni muda tu. Akina mama 12 wamechambua maharage, wamepakia gari, wameshinda zabuni ya serikali, na mwisho wanachangishana kumlipa mkopeshaji.

Dawa ipo, na inaanzia kwenye bei na kwenye mtaji. Unapoandika bei ya zabuni, weka ndani yake usafiri, kodi, hasara ya mzigo utakaokataliwa na gharama ya kusubiri miezi mitatu. Ukiona bei hiyo imezidi soko, zabuni hiyo si yako, iache. Kwa mtaji, angalia kama wanachama wenyewe wanaweza kutoa maharage yao kwa kusubiri malipo. Hapo ndipo mkulima wa kijijini ana nguvu kuliko mfanyabiashara wa mjini, kwa sababu yeye lazima anunue kwanza. Pendeleeni pia mikataba inayoruhusu kupeleka mzigo kwa mafungu badala ya wote kwa siku moja.

Na kama lazima mkope, kopeni pasipo na riba. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili kurekebisha utaratibu, ikarejeshwa mwaka 2024. Haitoki kwa siku moja, kwa hiyo iombeni kabla ya zabuni, si baada ya kushinda.

Mitego mitatu

Wa kwanza ni kuazima jina. Mfanyabiashara anakuja, anasema, "Mama, nyinyi mna kikundi, mimi nina mtaji. Tumieni jina lenu, mimi nifanye kazi, nitawapa chochote." Zabuni ni yenu kisheria. Akipeleka mzigo mbovu au akikimbia, mkataba una saini zenu. PPRA ina mamlaka ya kufungia wazabuni, na kikundi kikifungiwa, hakishiriki zabuni za serikali kwa muda wote wa adhabu. Kushirikiana kibiashara kunawezekana, lakini kuwe wazi na kwa maandishi.

Wa pili ni kuombwa kitu kidogo ili upate zabuni au ulipwe haraka. Hiyo ni rushwa. TAKUKURU wanapatikana kwa kupiga 113 bila malipo.

Wa tatu ni kupeleka mzigo bila karatasi. Mkuu wa shule anaweza kupiga simu akasema leteni tu magunia matano, mkataba utafuata. Ni mtu mzuri, mnamfahamu, mnasali naye. Akihamishwa wiki ijayo, mtamdai nani? Msishushe gunia bila mkataba au oda ya maandishi, na msiondoke bila hati ya kupokelea mzigo iliyosainiwa.

Ukikosa, au ukiona umeonewa

Kukosa si mwisho. Taasisi inatakiwa kuwaarifu wazabuni nani anakusudiwa kupewa zabuni, na sababu za wengine kuachwa. Soma sababu yako. Mara nyingi ni kitu cha kurekebishika: waraka uliosahaulika, au aina ya biashara isiyolingana.

Ukiamini utaratibu umevunjwa, malalamiko ya kwanza huenda kwa afisa masuuli wa taasisi hiyo. Kwa halmashauri ni Mkurugenzi Mtendaji. Usiporidhika unakata rufaa Mamlaka ya Rufani ya Zabuni za Umma, PPAA. Angalizo moja: muda wa kulalamika ni mfupi sana, unahesabiwa kwa siku, si kwa wiki. Kwa hiyo ile simu na barua pepe mliyosajilia isiwe ya kijana aliyehamia Dar es Salaam na hapokei.

Turudi kwa mama yetu

Tulipompigia tulimweleza haya yote, naye akacheka kidogo, akasema, "Kumbe kazi ya kulima ndiyo nyepesi." Hatukumbishia. Lakini kikundi chake kina vitu viwili ambavyo pale mjini havipo: mzigo uko ghalani kwa wanachama wenyewe, na shule iko umbali wa kwenda kwa toroli. Kwa ule mfano wetu, hiyo ni kuondoa gari la 450,000 na riba yote. Kikundi cha namna hiyo kinaweza kuweka bei ya chini kuliko cha mjini na bado kikabaki na faida. Kinachokosekana ni akaunti, TIN na jina kwenye NeST.

Alituambia kikao chao ni Jumamosi na ajenda ya kwanza itakuwa akaunti ya benki. Tumekubaliana atatupigia tena watakapomaliza usajili, atueleze wapi walikwama, ili wengine wajifunze.

Kama kikundi chenu kimewahi kuuza kitu kwa serikali, kikafaulu au kikaumia, tutumieni ujumbe kwa namba zetu za kila siku za kipindi. Tusimulieni mlichopeleka, mlisubiri malipo muda gani na mngebadilisha nini. Tutayasoma hewani.